Kesho Imeshauzwa

Leo tunazungumza hisa, na nakuomba usibadilishe stesheni. Sitakusomea orodha ya bei.

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikaa kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na Ngomeni. Muuza kahawa alikuwa ameshapita na dele lake mara mbili. Mazungumzo yalianzia kwenye mpira, kama ilivyo ada, yakapitia bei ya unga, halafu watu wawili wakashikana. Mmoja ni mstaafu wa bandari ya Kilindini, mzee ambaye mtaa mzima humwita Ami. Wa pili ni kijana wa nduguye, anayeandika programu za kompyuta kwa wateja wa ng'ambo akiwa chumbani mwake Tudor, na hulipwa kwa dola.

Kijana alikuwa ametoa simu anatuonyesha mstari wa kijani unaopanda kama ngazi ya mnazi. Amenunua Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta. Si hisa nzima, ni kipande cha hisa, maana siku hizi kuna programu za simu zinazokukatia hisa ya Marekani kama muuza nyama anavyokukatia robo kilo.

"Ami," akasema, "dunia imegeuka. Hii akili unde si mchezo. Kila kazi itapita humu. Ukikaa nje utajuta."

Ami akapiga funda la kahawa. "Imegeuka lini, mwanangu? Maana hata mwaka 2008 niliambiwa imegeuka. Nikaenda nikakopa."

Baraza zima likacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mwaka huo nami nilikuwa kwenye foleni.

Wasiokumbuka niwakumbushe. Mwanzoni mwa 2008 Kenya ilikuwa bado inauguza majeraha ya vurugu za baada ya uchaguzi. Katikati ya hayo serikali ikatangaza kwamba inauzia umma robo ya kampuni ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5, jumla shilingi bilioni 50. Afrika Mashariki haikuwa imewahi kuona uuzaji wa hisa wa ukubwa huo. Ukitaka kuingia ulitakiwa uombe hisa 2,000 kwa uchache, yaani uwe na shilingi 10,000 mkononi. Watu zaidi ya laki nane walijaza fomu, na hisa walizoomba zilikuwa zaidi ya mara nne ya zilizokuwepo.

Mpaka leo naikumbuka foleni ile. Palikuwa na walimu, madereva wa matatu, mama wa mboga, na mzee mmoja aliyekuja na pesa ndani ya mfuko wa maziwa. Watu ambao mwezi mmoja kabla yake hawakuwa wamesikia habari ya akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa, walikuwa wakibishana kama mabingwa: siku ya kwanza itafunga kumi au kumi na tano? Benki zilikopesha. Vyama vya akiba na mikopo vilikopesha. Aliyeuliza swali alionekana ana husuda.

Ami aliomba hisa 20,000. Shilingi 40,000 zilikuwa zake, 60,000 za mkopo. Hisa zilipogawanywa akapata elfu nne na ushei. Pesa iliyobaki ilichelewa kurudi, na riba ya mkopo haikuwa na habari ya kuchelewa.

"Ule ushei," alituambia, "niliuuza siku ile ile ya kwanza kwa shilingi saba, nikawanunulia watoto viatu vya shule. Faida nyingine sikuiona kwa miaka."

Wala hakutia chumvi. Hisa zilianza kuuzwa katika soko la Nairobi tarehe 9 Juni 2008, Rais Mwai Kibaki mwenyewe akiwapo, na siku hiyo bei ilipita shilingi saba. Mapema mwaka uliofuata ilikuwa chini ya shilingi tatu. Ikainuka, ikaanguka tena, na mwisho wa 2011 bado ilikuwa inazungukazunguka pale kwenye tatu. Waliokopa ili wanunue walikuwa wameshamaliza kulipa mkopo wa kitu ambacho kimebaki karibu nusu.

Sasa sikiliza jambo linalonifanya nikuletee kisa hiki. Je, miaka hiyo Safaricom ilikuwa inaharibikiwa? Hata kidogo. Minara ilikuwa inasimamishwa mpaka vijiji visivyo na barabara. Laini ziliuzwa kama njugu. Kila aliyesema mwaka 2008 kwamba simu itaingia kila nyumba alisema kweli, tena simu iliingia upesi kuliko alivyobashiri. Watu waliona sawasawa kule mambo yanakokwenda, na bado wakapoteza.

Hesabu yake si ngumu, na mama wa mboga anaifanya kila asubuhi bila kalamu. Safaricom ina hisa bilioni 40. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2008 ilipata faida ya karibu shilingi bilioni 14 baada ya kodi. Gawanya, utapata kama senti 35 kwa kila hisa. Aliyetoa shilingi 5 alikuwa ananunua senti 35 za faida kwa mwaka. Faida isipokua, atangoja miaka 14 kabla hisa haijamzalia alichotoa. Aliyenunua kwa saba na kitu atangoja zaidi ya miaka 20. Hakuna anayekubali kungoja hivyo, kwa hiyo mnunuzi wa shilingi saba alikuwa anasema, hata kama hakujua anasema, kwamba faida lazima iongezeke, tena haraka. Mwaka uliofuata ikateremka hadi kama bilioni 10 na nusu. Simu ziliongezeka, faida ikapungua. Ile kesho nzuri tuliyokuwa tukiihadithia kwenye foleni muuzaji alikuwa ameshaijua kabla yetu, akaitia kwenye bei, na sisi tukailipia mbele.

Kijana hakukubali. "Lakini Ami, wewe hukuuza. Na 2021 ilifika ngapi?"

Ilifika zaidi ya shilingi 40, mwezi wa Agosti. Mara nane ya alichotoa. Kijana akapiga paja. "Si ndiyo hayo nisemayo! Mwenye teknolojia ni kushikilia tu."

"Haya, niambie," Ami akamuuliza, "ni nini kilichoipandisha?"

"Simu."

"Simu gani? Dakika ya kuongea ilikuwaje 2010?"

Hapo kijana akanyamaza, maana mwaka huo alikuwa shule ya msingi. Mimi nakumbuka. Agosti 2010 mshindani, Zain, aliteremsha bei ya kupiga simu hadi shilingi tatu kwa dakika, mtandao wowote. Safaricom haikuwa na budi kushusha nayo. Bidhaa tuliyopangia foleni, yaani dakika za kuongea, ikawa rahisi kama maji ya mfereji. Kitu kilichokuja kuiokoa hisa kilikuwapo tangu Machi 2007, kikiwa na umri wa mwaka mmoja tu tulipokuwa tunajaza fomu: M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Msikilizaji, sidhani nilimsikia mtu hata mmoja akiitaja katika foleni ile. Tulizungumza vocha. Tulizungumza simu za kamera. Miaka kumi na minne baadaye mapato ya M-Pesa yalikuwa yameyapita mapato ya watu kupigiana simu.

Kwa hiyo hata sisi tulioshikilia na tukapata, hatukupata kwa sababu tuliyokuwa nayo kichwani tulipotoa pesa. Jambo hili halisemwi sana redioni, kwa sababu aliyepata hupenda kuonekana aliona mbali. Mimi sikuona mbali. Nilisahau kuuza.

Na hata hivyo hadithi haikuishia kwenye 40. Mapema 2024 hisa hiyo hiyo ilikuwa chini ya 15. Kampuni ilikuwa imeingia Ethiopia, ambako ilianza huduma Oktoba 2022, na kujenga mtandao nchi mpya humeza pesa kwanza. Lakini kulikuwa na jambo jingine lisilohusiana kabisa na teknolojia. Februari 2024 serikali ya Kenya ilitoa hati fungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, tena bila kodi. Fikiria wewe ni msimamizi wa pesa za pensheni. Serikali inakuahidi 18 ukiwa umelala. Utabaki kwenye hisa ya simu ili upate nini? Watu hukesha wakijadili chipu na kizazi cha tano cha mtandao, kumbe bei imeshushwa na mnada wa Benki Kuu.

Nilipoona wawili hao wamekwama nikawachokoza na kisa cha Marekani, na wewe nitakusimulia.

Agosti 1995 kampuni changa iitwayo Netscape, iliyotengeneza programu ya kutazamia kurasa za intaneti, ilianza kuuza hisa kwa dola 28. Siku ile ile ziligusa 75 na kufunga kwenye 58. Kampuni haikuwa na faida. Tangu hapo mlango ukawa wazi. Ilitosha kampuni kuwa na nukta na neno "com" mwishoni mwa jina. Kipimo cha soko la Nasdaq, ambako hisa za kampuni nyingi za teknolojia huuzwa, kilifika 5,048 tarehe 10 Machi 2000. Oktoba 2002 kilikuwa 1,114. Aliyekuwa na dola 100 akabaki na kama 22, na kipimo hicho hakikurudi pale kilipokuwa mpaka mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa siku ya kilele alikuwa na miaka 15.

Wanaosimulia habari hii hupenda kumcheka Pets.com, duka la mtandaoni la chakula cha mbwa na paka, lililouza hisa Februari 2000 na kufunga mlango kabla mwaka haujaisha. Kumcheka ni rahisi. Anayeninyima usingizi ni Cisco.

Cisco hutengeneza mitambo inayoelekeza njia za intaneti. Haikuwa kampuni ya porojo. Iliuza vitu vinavyoshikika, ilikuwa na wateja wakubwa, na ilikuwa na faida. Machi 2000 ilipanda ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, zaidi ya dola bilioni 500. Faida yake ya mwaka ule haikufika bilioni 3. Piga hesabu ya senti 35 na shilingi 5, utakuta mnunuzi alitakiwa kungoja zaidi ya miaka 160. Hisa iliyokuwa dola 80 ikateremka mpaka karibu dola 8 mwaka 2002. Na tazama maajabu: kufikia 2010 mauzo ya Cisco yalikuwa yamezidi mara mbili ya yale ya 2000. Intaneti ilikuwa imeenea duniani kote, kama walivyosema. Hisa ilikuwa haijafika hata nusu ya ile 80.

Na wale waliozamisha nyaya? Miaka ile kampuni za Marekani zilitandaza faiba chini ya bahari na kando ya reli kwa mabilioni yaliyokopwa, kila mmoja akiamini mwendo wa habari utaongezeka bila kikomo. Uliongezeka. Lakini nyaya ziliongezeka zaidi, bei ya kupitishia habari ikaporomoka. Global Crossing ilifilisika Januari 2002. WorldCom ikafuata Julai mwaka huo, baada ya kufichuka hesabu zake za uongo za mabilioni. Wenye hisa walipoteza kila kitu. Nyaya hazikwenda popote. Zilibaki pale pale chini ya maji, nyingi hazijawahi kuwashwa taa, wakaja watu wengine wakazinunua kwa bei ya kutupa na kujengea biashara zao juu yake.

"Mimi nimekaa bandarini miaka 31," Ami akasema. "Anayechimba gati mara nyingi siye anayetajirika na meli."

Nikamgeukia kijana. Waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao TEAMS uliletwa Mombasa kutoka Fujairah, Uarabuni, mwaka 2009, na mwaka huo huo waya mwingine, SEACOM, ukafika. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na mtu wa kawaida aliingia intaneti kwa dakika kwenye duka la saiba, mwenye duka akimsimamia na saa. Kazi ya kijana, wateja wake wa ng'ambo, dola zake, hata hicho kipande chake cha Nvidia, vyote vinapita kwenye uzi mwembamba kuliko mshipi wa kuvulia changu. Faida ya zama za habari ameipata, tena nyingi. Hakuipata kwa kununua hisa za waya. Aliipata kwa kujua kuutumia.

Alikuwa msikivu, lakini ana kichwa chake, na nampenda kwa hilo. "Nimekuelewa," akaniambia. "Ila hii si ile. Hii kampuni inapata pesa."

Na kweli inapata. Nvidia ilianza kwa chipu za michezo ya kompyuta, na ikatokea kwamba chipu hizo hizo, kwa jinsi zinavyopiga hesabu nyingi kwa wakati mmoja, ndizo zinazofaa kufundishia akili unde. Tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022, wateja wamezigombania. Mwaka wa hesabu ulioishia Januari 2025 kampuni iliuza vitu vya zaidi ya dola bilioni 130 na kubaki na faida ya karibu bilioni 73. Thamani yake sokoni wakati huo ilikuwa kama dola trilioni 3. Gawanya: miaka 40 hivi. Hiyo iko mbali sana na miaka 160 ya Cisco, na anayeziweka mbili hizi kapu moja bila kugusa hesabu hafanyi haki. Baadaye mwaka huo, Oktoba, thamani ikagusa trilioni 5.

Swali langu kwa kijana lilikuwa jingine. Wanunuzi wakubwa wa chipu hizi ni nani? Ni Microsoft, Amazon, Meta, Google na wenzao wachache, kila mmoja akimwaga makumi ya mabilioni ya dola kwa mwaka. Ukiwa na duka na wateja wako wakubwa ni wachache, unalala na simu mkononi. Na mmoja wao, Google, ana chipu zake anazojibunia mwenyewe. Hao wachache nao lazima siku moja walipwe na mtu: wewe, mimi, benki, hospitali, mtu fulani lazima atoe pesa mfukoni kwa ajili ya akili unde, tena pesa za kutosha kurudisha gharama zile zote. Jambo hilo bado linasubiriwa.

Tarehe 27 Januari 2025 tulionyeshwa kidogo. Kampuni ya China, DeepSeek, ilikuwa imetoa akili unde yake, ikisema imeifundisha kwa gharama ndogo. Siku hiyo moja hisa ya Nvidia ilianguka asilimia 17, na karibu dola bilioni 600 za thamani zikayeyuka. Haikuwa imewahi kutokea kampuni moja kupoteza kiasi hicho kwa siku. Hakuna chipu iliyovunjika, wala hakuna kiwanda kilichoungua. Lilizuka swali tu: itakuwaje kama kazi inaweza kufanywa kwa chipu chache? Halafu bei ikarudi, ikapita ilipokuwa. Aliyekimbia siku ile alijuta. Simsemi yeyote. Nasema tu kwamba swali lile halijajibiwa mpaka leo; limewekwa kabatini.

Majirani zetu Tanzania walipitia mlango mwingine. Kule sheria ndiyo iliyozitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zake kwa umma, na mwaka 2017 Vodacom Tanzania ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 za huko. Mwanzo zilikuwa za Watanzania peke yao. Muda wa kununua ukaongezwa, kisha mlango ukafunguliwa kwa wageni, na Agosti zikaanza kuuzwa katika soko la Dar es Salaam. Bei ikaja kuteremka chini ya ile 850. Ndipo Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu. Anayetuma pesa kwa mama yake kijijini akakuta makato yamevimba, akaanza tena kumpa dereva wa basi bahasha. Wahandisi hawakukosea popote. Ni mstari mmoja katika sheria ya fedha. Ndiyo maana mimi nikimsikia mtu anachambua hisa za teknolojia bila kulitaja Bunge, namwona kama nahodha anayesoma nyota na hataki kusikia habari ya upepo. Uganda nako MTN iliuza mwaka 2021 na Airtel mwaka 2023, na safari hizo foleni hazikuwapo, hisa zilibaki. Labda watu walikuwa wamejifunza, labda mfuko ulikuwa mtupu.

Nirudi kwenye hizo zama za habari zenyewe. Ami aliwahi kwenda Nairobi kabla ya 2006, wakati madalali wa hisa walipokuwa bado wanafanya biashara kwa kupaaza sauti ukumbini na kuandika bei ubaoni. Mtu wa Mombasa alizisoma gazetini siku ya pili. Aliyekuwa na jamaa ndani ya ukumbi alikuwa na kitu usichokuwa nacho wewe, na kitu hicho kilikuwa pesa. Leo kijana akiwa Tudor anaiona bei ya New York sekunde ile ile anayoiona tajiri wa New York. Anadhani kwa hiyo wako sawa.

Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Habari ikishamfikia kila mtu haikupi tena chochote cha kumzidi mwenzako. Ukiisoma kwenye simu yako kwamba akili unde itabadilisha dunia, ujue ameshaisoma na yule anayekuuzia, na ameipandisha bei kwa ajili yake. Kilichobaki adimu ni vitu vya kuchosha. Ripoti ya mwaka ya kampuni, kurasa mia na kitu, iko wazi kwa kila mtu bila malipo, na hakuna anayeifungua. Nilimuuliza kijana kama amesoma ya Nvidia. Akasema ametazama video yake. Nikamuuliza ya dakika ngapi. Akatabasamu.

Na niseme hili kabla muda haujaniishia, maana linanikera. Simu hiyo hiyo inayomletea bei ndiyo inayomletea makundi ya watu wanaoahidi asilimia 30 kwa mwezi, na picha za magari, na salamu za kidini asubuhi. Cisco ya 2000 iliumiza watu, lakini Cisco ilikuwa kampuni. Hawa si kampuni. Hisa ya kweli ina soko, ina mdhibiti, ina hesabu zilizokaguliwa, na ukitaka kuiuza kesho unaiuza. Mtu akikuambia pesa yako haitoki mpaka umlete mwenzako, ondoka, wala usingoje chai ya kuagana.

Jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya nyumba. Ami akatoa simu yake, ile ndogo ya vitufe, akamwonyesha kijana ujumbe aliouhifadhi. Ana hisa 4,000 zile zile. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025 alipata shilingi 1.20 kwa kila hisa, kwa mafungu mawili. Ilipokatwa kodi ya asilimia 5 zilibaki shilingi 4,560. Ziliingia kwa M-Pesa.

Kijana akapiga hesabu upesi, hawa watoto wa programu ni wepesi. "Ami! Ulitoa 20,000. Hii ni karibu asilimia 23 kwa mwaka!"

"Baada ya miaka 17," Ami akasema. "Na mkopo mmoja. Na huyu," akaninyoshea kidole mimi, "aliyesahau kuuza."

Kipande chake cha Nvidia kijana hakukiuza, wala hakuna aliyemwambia akiuze. Alisema ataifungua ile ripoti usiku. Muuza kahawa alipopita mara ya tatu kijana akataka kutulipia sote, akakuta simu imekufa chaji kwa kutuonyesha ule mstari wa kijani tangu alasiri. Ami akabonyeza vitufe vyake taratibu, akalipa vikombe vyote.

"Na vya kesho nikulipe kabisa?" akamuuliza muuza kahawa.

"Vya kesho lipa kesho, Ami. Kahawa yenyewe sijainunua."